Klachi ya Bibi Harusi

Saluni yangu iko chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu, na dirisha lake linatazama pale ambapo wifi yangu huegesha gari. Kwa hiyo asije mtu akasema nilikuwa nachungulia mambo ya watu. Mambo ya watu ndiyo yaliyokuwa yananifuata dirishani, asubuhi na jioni, mikono yangu iko kwenye kichwa cha mteja. Ningeziba masikio kwa kitu gani?

Wifi yangu anafundisha watu kuendesha magari. Shule yake ni gari moja na yeye mwenyewe, basi. Mjini wanamwita Mwalimu, hata wale ambao hawajawahi kugusa usukani, hata kaka yangu ambaye ni mume wake. Ni mwanamke wa sauti ndogo na msimamo mkubwa. Mimi naongea sana na nakasirika upesi, na labda ndiyo sababu tumeweza kukaa nyumba moja miaka yote hii bila kushikana mashati.

Gari lake wanafunzi walilipachika jina la Bibi Harusi, kwa kuwa haliondoki bila kubembelezwa. Na Bibi Harusi alikuwa na mambo yake. Breki zake zilishika ukikanyaga mara ya pili, mara ya kwanza ulikuwa unakanyaga hewa tu. Usukani ulivuta kushoto, kwa hiyo ilibidi uushikilie kulia wakati wote ili gari liende mbele. Gia ya pili ilikuwa inachomoka, ukiiachia tu imesharudi ilikotoka, hivyo uliibana kwa kiganja mpaka gari lichanganye. Na klachi, jamani, ile klachi ilishika juu kabisa, mahali ambapo klachi ya gari la mtu mwingine imeshamaliza kazi na kwenda kupumzika.

Mwalimu hakuyaita hayo ubovu. Kwake yeye huo ndio ulikuwa udereva. "Kanyaga, achia, kanyaga," alikuwa akiwaambia kwa ile sauti yake ndogo, na wanafunzi wakakanyaga, wakaachia, wakakanyaga. "Gia ya pili haiachwi peke yake." "Mkono kulia, tunaenda mbele." Watu walitoka pale na leseni zao, wakanunua magari yao au wakapewa ya kazini, na kila mmoja akaondoka na mafundisho hayo mguuni.

Ndiyo maana mjini kwetu ungeweza kumtambua mwanafunzi wake kwa mbali. Gari likifika njia panda, linainamisha pua mara mbili kabla ya kusimama. Mwalimu akiwa kando ya barabara na kikapu chake, akiona gari limeinama hivyo, alinyanyua mkono na kutabasamu. "Huyo wangu," ananiambia. "Ona adabu yake." Na mimi, sijui chochote kuhusu magari, nikakubali kwamba ni adabu.

Fundi wetu, ambaye gereji yake iko mwisho wa mtaa, alikuwa akimwomba wifi kila alipomleta Bibi Harusi kubadilishwa taa au tairi. "Mwalimu, niachie hii klachi niifungue. Na breki. Nipe siku chache tu."

"Usiguse," anasema wifi. "Nina wanafunzi katikati ya masomo. Leo ukibadilisha, kesho watachanganyikiwa."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta nitaujenga likizo."

Likizo yenyewe haikuwahi kufika, kwa sababu hakukuwa na siku ambayo hakuna mtu katikati ya masomo. Huyu akimaliza, yule ndiyo kwanza anaanza. Fundi akabadilisha taa, akafuta mikono, akatingisha kichwa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka siku injini inadondoka chini, kama ofisi ya leseni isingebadilisha utaratibu. Zamani ulifanya mtihani kwa gari la shule yako. Mara tukasikia ofisi imepata magari yake yenyewe, mazuri, na kila mtu atatahiniwa humo.

Wa kwanza kwenda alikuwa muuza samani, mtu mzima, mpole, mwenye duka la vitanda na makabati. Alifika kwenye alama ya kusimama akafanya kama alivyofundishwa, kanyaga, achia, kanyaga, kwa nguvu zote za Bibi Harusi. Breki za ofisi hazikuwa na mchezo. Miwani ya mtahini iliruka ikagonga kioo cha mbele. Wa pili alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke makini ambaye hata sindano huwezi kuisikia akikuchoma. Yeye aliachia klachi haraka haraka akiitafuta kule juu, na gari likaruka likazimika getini, akawasha tena, likaruka likazimika tena, mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kumwonea huruma.

Wa tatu nilikuwa mimi. Ndiyo, na mimi nilikuwa nasoma. Nilichoka kuomba watu wanibebee mafuta ya nywele na mashine za kukaushia. Mimi sikuruka wala sikuinama. Nilishika usukani kulia, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, nikapandisha gari kwenye bustani ya maua ya ofisi ya leseni nikiwa nimenyoosha shingo na najiamini. Mtahini aliniambia, "Mama, shuka taratibu, usikanyage maua zaidi." Nilirudi nyumbani nimefura, mteja aliyekuwa ananisubiri akaamua kuja siku nyingine.

"Mna haraka," Mwalimu akatuambia sote. "Watu wa siku hizi hamtulii."

Lakini habari haina miguu na inafika. Ng'ambo ya barabara kulikuwa kumefunguliwa shule nyingine, ina gari linalong'aa, na wanafunzi wa wifi wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Wengine walikuja kuaga kwa heshima, wengine walipita wakijifanya wanaangalia simu. Asubuhi moja Mwalimu alikaa ndani ya Bibi Harusi kwenye ile siti ya kufundishia, yenye pedali zake za ziada, akasubiri, na hakuna aliyekuja. Niliacha kusuka nikamtazama. Tangu nimjue, kazi yake ni hiyo moja. Niliogopa, nasema kweli. Shule ikifa, huyu mwanamke angeamka asubuhi aende wapi?

Jioni hiyo kaka yangu aliitisha kikao sebuleni. Kaka ni fundi cherehani, futi haimtoki shingoni hata wakati wa kula, na akiwa na jambo zito huishika ncha mbili kama mtu anayejiandaa kupima. Fundi wa gereji naye aliitwa.

"Lile gari limezeeka," kaka akaanza. "Tuliuze, tuchukue jingine. Nimeona moja zuri pale yadi."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Mwalimu akasema.

"Na wewe ya kale dhahabu? Dhahabu gani hiyo inayoshikiwa gia kwa mkono?"

Fundi akakohoa. Alisema bodi ya gari ni nzima na injini ina nguvu, kilichokufa ni vile vitu vyote alivyokatazwa kuvigusa, na akiruhusiwa atalirudisha barabarani likiwa halina kilema. Kaka akasema kutengeneza gari kuukuu ni kumwaga maji mchangani. Fundi akasema kuna watu wanatupa suruali kwa sababu ya kifungo, akijua fika anaongea na nani. Mimi nikapaza sauti kwamba wote wawili wanaongea upuuzi, ingawa sikuwa na wazo la tatu.

"Gari halina kosa," Mwalimu akasema, akainuka kwenda kukunja nguo. Kikao kikaishia hapo, na fundi akamaliza chai yake akiwa amesimama.

Aliyemfungua macho ni muuza samani, na hakujua kama anamfungua. Alikuja na pikapu aliyoinunulia duka lake, mpya kabisa, akamwomba Mwalimu akae pembeni yake amwangalie anakosea wapi. Nami nikajibana pale mlangoni, kwa sababu sikutaka kusimuliwa. Tukaingia barabara kuu, imenyooka, haina gari. Pikapu ikaanza kwenda kulia. Muuza samani akairudisha. Ikaenda tena.

"Nyoosha," Mwalimu akasema.

"Nimenyoosha, Mwalimu. Mkono kulia, tunaenda mbele."

Wifi yangu akainama mbele. Alitazama mikono ya yule mzee wa watu iliyoubana usukani upande mmoja, ikipigana na kitu ambacho hakikuwepo. Halafu akanigeukia. "Wifi, ile siku ya bustani, ulishika vipi?"

"Kulia," nikasema. "Kama ulivyonifundisha."

Alimwomba muuza samani asimame, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Nilimfuata nyuma nikiwa kimya, na wanaonijua wataelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Alipofika aliingia ndani ya Bibi Harusi akakaa upande wa mwanafunzi. Nikasogea dirishani.

"Nimewafundisha watu maradhi ya gari langu," akasema. "Miaka yote hii. Nikawa nawanyooshea mkono barabarani, naona raha."

Aibu iliyokuwa usoni mwake ilinichoma, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya wala wa kutegea kazi. Nilifungua mlango nikakaa naye tu, tukatazama ukuta wa nyumba yetu.

Kesho yake alimwambia kaka, "Haya, twende yadi. Tubadilishe." Kaka alifurahi mpaka akasahau mteja aliyekuwa anapimwa kiuno. Tukaenda sote watatu. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, shati lake limepigwa pasi vizuri, akatuonyesha lile gari alilolipenda kaka na kusema Mwalimu anaweza kulijaribu mtaani. Yeye akakaa mbele pembeni yake, mimi na kaka nyuma.

Gari likaruka likazimika. Mwalimu akaomba radhi, akawasha tena. Tukaondoka. Alipoingiza gia ya pili nikaona kiganja chake kimeibana kana kwamba itamkimbia. Barabara ikanyooka, sisi tukaenda kulia. Tukafika njia panda, na gari likainama, likanyanyuka, likainama tena, na kaka akanigonga kichwa kwa kichwa.

Muuzaji alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Alisubiri kidogo, kisha akauliza kwa upole wote wa mtu anayetaka kuuza gari, "Samahani mama, wewe ulisoma kwa Mwalimu?"

Mwalimu akaondoa kiganja kwenye gia.

"Si kwa ubaya," akaendelea, maskini. "Wakija hapa kujaribu magari huwa tunawajua tu. Tukiona limeinama mara mbili, tunasema huyu wa Mwalimu."

Kaka akageuza uso dirishani. Mimi niling'ata kilemba changu. Wifi yangu akazima gari, akaweka mikono mapajani, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye Mwalimu."

Yule kijana alibadilika rangi. Alianza kuomba msamaha kwa lugha zote anazozijua, na ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa wifi. Alikuwa anacheka. Alicheka akiwa amelalia usukani, honi ikawa inalia kila akitikisika, na mimi nikashindwa, kaka naye akashindwa, tukacheka njia panda pale na magari yanatupigia honi kwa nyuma. Alipoinua uso ulikuwa umelowa machozi. Yalikuwa ya kicheko na ya uchungu pia, na hakujaribu kuyaficha.

Tuliporudi yadi alimrudishia muuzaji ufunguo. "Gari lako zuri sana," akamwambia. "Sitalichukua. Nitaliharibu."

Njiani kaka alikuwa moto. "Sasa tumekuja kufanya nini? Si ulisema tubadilishe?"

"Tubadilishe nini? Nikilichukua lile, mwakani nalo litakuwa Bibi Harusi. Mguu si wangu? Tutamtengeneza yule aliyeko nyumbani. Na mimi nitatengenezwa pamoja naye."

"Na ukishindwa?"

"Naenda ofisi ya leseni, natahiniwa kwa gari lao kama mwanafunzi. Nikishindwa, nafunga shule."

Kaka akanitazama akitaka nimsaidie. Mimi nikasema mganga hajigangi lakini anaweza kupanga foleni kama wagonjwa wengine, na hilo likawa jibu la familia.

Fundi alipoambiwa aguse kila kitu, alitaka asikie mara mbili. "Hata klachi?" Hata klachi. Aliifungua akamwita Mwalimu aione ilivyokwisha, akamweleza kwamba imekufa kwa sababu mguu wake hupumzika juu yake hata akiwa hana shughuli nayo. Mwalimu akasema asante, kwa unyenyekevu uliomfanya fundi aone haya. Breki zikatolewa, usukani ukanyooshwa, boksi la gia likashushwa. Magari ya wateja wengine yakapangwa pembeni yakisubiri.

Bibi Harusi alirudi akiwaka kwa mguso mmoja. Mwalimu, akiitafuta klachi kule juu kwa mazoea, akamzimisha papo hapo, mbele ya saluni yangu, wateja wangu wote wanaona.

Basi tukaanza. Alinikalisha mimi upande wa mwalimu, akanipa kazi moja. "Nikikanyaga breki mara mbili, nipige mkono. Nikibana gia, nipige mkono. Usinionee haya."

Ruhusa ya kumpiga wifi, tena kwa ombi lake mwenyewe, nani angeikataa? Nilichukua kitana kutoka saluni, nikampiga kwa haki kabisa. Siku za kwanza mkono wake ulikuwa mwekundu na mimi nilikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Tulizunguka mitaa yote. Alinung'unika, alitoka jasho, siku moja akasimamisha gari akasema hawezi, mguu una akili yake na hausikii. Nikamwambia alale, kesho tutaujaribu tena. Taratibu kitana kikaanza kukosa kazi, na mimi, kwa kumtazama tu akisahau, nikajikuta nami nasahau.

Siku ya mtihani alivaa gauni lake la kazini la kila siku. Alipanga foleni na watoto waliomaliza shule juzi. Mtahini alipomwona na kujua ni nani, alivua miwani akaitia mfukoni, akafunga mkanda, akaukaza.

"Mwalimu, wewe una leseni. Unatafuta nini hapa?"

"Kabla sijamfundisha mtu mwingine," wifi akamjibu, "nataka kujua kama najua."

Sisi tulisimama kando ya uzio. Kaka na futi yake, fundi wa gereji na mikono yenye grisi, muuza samani, muuguzi aliyeomba ruhusa kazini. Gari likaondoka bila kuruka. Likaenda hadi njia panda, tukaushika uzio. Likasimama mara moja, limetulia, pua haikuinama. Muuguzi alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Halafu gari likakata kona, hatukuliona tena, na kule kusubiri sitakusahau. Kaka aliikunja futi na kuikunjua.

Liliporudi, mtahini alishuka kwanza akaingia ofisini. Wifi akakaa kidogo ndani, akashuka, akaja mpaka kwenye uzio. Nilidhani ameshindwa, kwa sababu midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Nimepita," akasema, polepole, kama anayesema neno hilo kwa mara ya kwanza. Kaka yangu, ambaye huwa hamshiki mkewe mkono mbele za watu, aliruka ule uzio mfupi akamkumbatia, na mimi nikalia waziwazi na sikujali nani ananiangalia.

Mwalimu akajifuta uso, akatutazama mmoja mmoja, akanifikia mimi.

"Wifi, ingia kwenye gari letu. Upande wa usukani."

"Mimi? Leo? Sijajiandaa."

"Leo."

Walinicheka. Nikaingia kwa Bibi Harusi, nikafunga mkanda, yeye akaingia upande wake. Nilisubiri maagizo, hayakuja. Nikatazama chini kuona kama yuko tayari kuniokoa, nikakuta ameiondoa miguu yake kwenye pedali zake, ameikunja chini ya siti kama abiria.

"Mwalimu, miguu," nikamwambia.

"Sina haja nayo," akasema. "Endesha."

Nikaachia klachi taratibu, nikasikia inashika, na gari likaondoka.